Sindano ya Vidole Haizibui Mshipa wa Ubongo

Swali linaloulizwa mara nyingi mno Ilemela, kuanzia Kirumba hadi Kayenze, pindi mtu anapopinda mdomo au kulegea mkono mmoja, ni kama achomwe sindano vidole vyote kumi au na ndewe za masikio pia, ilhali linalopaswa kuulizwa ni dalili hizo za kiharusi zilianza saa ngapi na mgonjwa atafikaje hospitali ya Bugando.

Kiharusi kidogo cha iskemia, yaani kile kinachotokana na bonge la damu kuziba mshipa unaolisha sehemu ndogo ya ubongo, hutokea ndani ya fuvu, na tone linalokamuliwa kwenye ncha ya kidole hutoka katika vishipa vya ngozi visivyoweza kulivuta wala kuliyeyusha bonge hilo. Dai kwamba kumwaga damu hushusha presha nalo halisimami, kwa kuwa mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, ambazo matone machache hayazipunguzi, na lau matone hayo yangeishusha yangemdhuru, maana katika saa za mwanzo ubongo ulionyimwa damu huitegemea presha hiyo hiyo. Sindano hupata sifa kwa sababu dalili za kiharusi cha mpito, ambacho bonge lake huyeyuka lenyewe, hutoweka baada ya muda mfupi, achomwe mtu au asichomwe. Sifa hiyo huua: bila tiba, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 wa kiharusi cha mpito hupata kiharusi kamili ndani ya siku 90, na karibu nusu ya viharusi hivyo hutokea ndani ya siku 2 za mwanzo, wakati familia ingali inamsifu mchomaji.

Tiba huanza na kipimo cha CT-scan, kwa kuwa jicho halitofautishi mshipa ulioziba na uliopasuka, na aspirini inayomfaa mwenye mshipa ulioziba huweza kumdhuru mwenye uliopasuka, hivyo isimezwe nyumbani. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4.5, lakini kwa kiharusi kidogo kisicholemaza utafiti wa PRISMS wa 2018 haukuiona ikiishinda aspirini. Kinachofaa, kama utafiti wa CHANCE wa China ulivyoonyesha mwaka 2013, ni aspirini pamoja na klopidogreli, zikianzwa ndani ya saa 24 na kutumiwa pamoja kwa siku 21, kisha moja huendelea. Hufuata statini (dawa za kushusha lehemu), dawa za presha na kisukari, mazoezi ya viungo, na dawa za kuzuia damu kuganda kwa mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea Kanda ya Ziwa, akipata kiharusi huhitaji kuongezewa au kubadilishiwa damu.

Anayemwona mwenzake amepinda mdomo aiandike saa, asimpe chakula wala kinywaji, kwani huenda hawezi kumeza, na amkimbize hospitali hata kama mdomo umenyooka njiani.