Je, Wajua? Kabla Hujahamia Musoma

Kila mwaka yupo mstaafu anayefungasha vyombo Dar es Salaam akisema foleni imemshinda: anataka mji mdogo, maji karibu, na nyumba yenye umri, yenye masimulizi yake. Akitajiwa nyumba za kale, akili inakimbilia Mji Mkongwe, Lamu, Bagamoyo, Pangani. Leo tugeuze shingo upande wa ziwani. Tunaanzia Musoma mjini, tunapanda Butiama, tunashukia Bunda.

Je, wajua kwamba Musoma, pamoja na ukubwa wa kuwa makao makuu ya Mkoa wa Mara, bado ni mji wa watu kujuana? Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 134,327. Ya 2022 ikahesabu 164,172. Kwa miaka 10 mji umeongeza watu wasiofika 30,000, yaani hata Uwanja wa Mkapa wangeujaza nusu tu. Ukinunua kitanda asubuhi, jioni jirani wa mtaa wa tatu anakuuliza umekipata kwa bei gani.

Je, wajua maana ya jina lenyewe? Wenyeji husimulia kuwa limetokana na neno la Wakwaya la rasi, ardhi iliyochomoza ndani ya maji. Tazama ramani utaona kidole kimenyooshwa ziwani. Ndiyo maana upepo hapa hauna mlango mmoja wa kuingilia.

Je, wajua kwamba Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari? Anayetoka Dar es Salaam bila blanketi atalikumbuka usiku wa kwanza.

Je, wajua kwamba sheria yetu ya mambo ya kale, ya mwaka 1964, inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863? Piga hesabu. Wajerumani walianza kujikita Tanganyika miaka ya 1880. Kwa hiyo jengo la Mjerumani, la Mwingereza, duka la Mhindi, nyumba ya mmisionari, yote yamezaliwa yamechelewa. Hayaingii kwenye ulinzi huo mpaka yatangazwe rasmi, moja moja. Anayenunua nyumba ya zamani Musoma kwa kuipenda ajue hilo: siku jirani akiamua kubomoa yake apige bati la msauzi, ulinzi huo hautamzuia.

Je, wajua kwamba kuna wakati uzee wa nyumba ulikuwa hasara tupu? Aprili 1971 ilitungwa sheria ya kutwaa majengo. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambalo mwenyewe hakulikalia lote bali amepangisha, lilihamia serikalini chini ya Msajili wa Majumba. Fidia ilikwenda kwa umri: lililozidi miaka 10 halikulipwa hata senti. Zile nyumba za katikati ya miji yetu tulizozizoea, duka mbele, familia nyuma, ua katikati wenye tangi la maji na kamba ya kuanikia, nyingi zilikuwa za wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, na sheria ile iliwagusa wao kuliko wengine. Wapo waliohama nchi, wapo waliobaki wakawa wapangaji ndani ya kuta walizojenga baba zao. Mwaka 1990 kazi za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tangu 1962. Kwa hiyo ukipendezwa na nyumba ya kale kwenye barabara kuu ya mji wowote wa Tanzania, swali la kwanza si “shilingi ngapi?” Uliza “ni ya nani?” Dalali akianza kuzungumzia kilemba kabla ya hati, muage kwa heshima, uende ukanywe chai.

Je, wajua kwamba neno Mwitongo, jina la mahali huko Butiama alipozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, kwa Kizanaki ni mahame, yaani mahali palipokuwa na mji wa watu zamani? Hapa nitakaa kidogo, maana naliona ndilo jambo ambalo mtafuta nyumba za kale anapaswa kulielewa kabla ya mengine yote ya Mara. Pwani nyumba ya kale inajionyesha kwa mawe ya matumbawe na mlango wa nakshi. Huku nyumba zilijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Zikizeeka ziliachwa zirudi ardhini, na familia ikasogea mbele hatua chache. Kilichobaki si ukuta. Ni mti uliopandwa uani, jiwe la kusagia lililotoboka katikati, makaburi, na rutuba, maana palipolala ng'ombe miaka yote mahindi husimama vizuri. Mgeni anapita anaona kichaka. Mwenyeji anakuambia hapo ni kwa nani, alikuwa na wake wangapi, na mlango wake ulielekea wapi.

Je, wajua kwamba Mtemi Nyerere Burito, baba yake Mwalimu, alikuwa na wake 22? Nyumba zao zilizunguka zizi la ng'ombe, na ndani ya duara hilo, katikati kabisa, ilisimama nyumba ya msonge ya mtemi mwenyewe. Mama yake Mwalimu, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Huo ndio uliokuwa mchoro wa mji: mifugo ndani, watu wakiwa ukuta wake, mkuu katikati. Wapima viwanja wa leo wangeomba barabara ya kuingilia.

Je, wajua kwamba Nyerere maana yake ni viwavi? Mtemi alizaliwa mwaka wa viwavi waliokula mashamba. Na Kambarage ni jina la mzimu wa mvua, alilopewa mtoto, kama isimuliwavyo, kwa sababu siku aliyozaliwa mvua ilinyesha. Baba wa taifa letu kwa jina ni mvua mwana wa viwavi. Mkulima yeyote anaelewa ni kipi kinafuta kipi.

Je, wajua kwamba Mwalimu alijenga nyumba yake ya ndoa kwa matofali ya udongo? Alirudi kutoka Edinburgh Oktoba 1952 akiwa na shahada, akapanda treni mpaka Mwanza, meli mpaka Musoma, akafika kwao akajenga. Januari 24, 1953 akafunga ndoa na Maria Gabriel kwenye misheni ya Musoma. Nusu karne karibu ikapita. Jeshi likamjengea nyumba kubwa Mwitongo kama zawadi, ikakamilika mwaka 1999. Alikaa humo majuma mawili hivi kabla ya kwenda London kutibiwa, na Oktoba 14 mwaka uleule akafariki huko. Anayefika leo Butiama anaonyeshwa nyumba, kaburi na makumbusho kwa matembezi mafupi ya miguu. Mimi kilichonishika ni vihenge vya nafaka, na jinsi watu wanavyopunguza sauti wakivikaribia, wakati kwenye nyumba kubwa wanapiga picha wakicheka.

Je, wajua kwamba kutoka Butiama hadi shule ya Mwisenge, Musoma mjini, ni kiasi cha kilomita 42, na kwamba mwaka 1934 mtoto wa mtemi, umri miaka 12 hivi, alizitembea kwenda kuanza darasa la kwanza? Shule ingali shule. Watoto wanapiga kelele mapumziko pale pale. Kwa anayehama na watoto, hiyo ndiyo nyumba ya kihistoria ambayo familia yako inaweza kuitumia kila siku.

Je, wajua kwamba Novemba 1974 TANU ilikutana mji huu likazaliwa Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto wa umri wa shule ya msingi awe darasani ifikapo Novemba 1977? Wenye miaka sitini na zaidi wanaolikumbuka zaidi ni wale waliopangwa kwenda kazini kwanza kabla ya chuo kikuu, maana azimio lilitaka hilo pia. Wengine hawajasamehe.

Je, wajua kwamba wapo Wamarekani wengi waliojifunzia Kiswahili chao Musoma? Mapadre wa Maryknoll walifika hapa mwaka 1946, na chuo cha lugha cha Makoko kikawafundisha wamisionari miaka mingi. Kabla yao, mwaka 1934, Wamenoni kutoka Marekani walianza Shirati, kaskazini zaidi. Majengo ya misheni ya zamani mkoani Mara yana sifa moja ninayoipenda: veranda pana. Waliyajenga watu waliolijua jua la saa nane.

Je, wajua kwamba ukitaka kuona ukuta wa kale kweli ukanda huu wa ziwa, itabidi uvuke mpaka wa Sirari? Huko Migori, Kenya, ipo Thimlich Ohinga, makazi yaliyozungushiwa mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, kuta za mita 1.5 mpaka 4.5 kwenda juu. Inasadikiwa ni ya karne ya 16. UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Jiwe linashikwa na jiwe, basi.

Je, wajua kwamba kwa Wakurya “nyumba” inaweza kuwa mwanamke? Mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kulipa mahari akamwoa msichana, na watoto wa huyo wakahesabiwa wa nyumba yake. Ndoa hiyo inaitwa nyumba ntobhu. Kuna wanaoitetea na kuna wanaoipinga vikali, na ubishi huo hausuluhishwi kwenye safu fupi kama hii. Ila usishangae ukimuuliza mtu Musoma nyumba yao ina umri gani, akakuhesabia bibi badala ya matofali.

Je, wajua kwamba ziwa nalo hudai viwanja? Kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 yakaifikia rekodi ile ya 1964, na 2024 yakaipita. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na wengi huisoma kama usumbufu wa serikali. Nenda Mwigobero, Musoma mjini, ukakae na wazee wa mwaloni dakika kumi. Watakuonyesha kwa kidole, katikati ya maji, walipokuwa wakianika dagaa.

Je, wajua kwamba Butiama imekuwa wilaya tangu 2012 tu, na sehemu kubwa yake ni ardhi ya vijiji? Huko hununui kiwanja kwa kukubaliana na mzee mmoja chini ya mwembe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, unaomba kwa halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji unasema neno lake. Watauliza wewe ni nani, kwenu wapi, nani anakujua. Ukiona wanachelewa kukujibu, wanakuchunguza. Asiye raia wa Tanzania kwa kawaida hamiliki ardhi ila kwa njia ya uwekezaji, hata akioa au kuolewa hapa.

Je, wajua kwamba Bunda huwa wanakuja wageni wenye tani tano? Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, kabla hujafika Bunda mjini ukitokea Mwanza, na tembo hawasomi mipaka. Watu wa vijiji vya pembezoni wanajua maana ya kulala shambani mahindi yakikaribia kukomaa. Kuna pia kata ya Nyatwali, ufukweni, ambayo wakazi wake wamehamishwa miaka hii ya karibuni ili hifadhi ifike ziwani. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela yoyote upande huo, pita ofisi ya ardhi uone ramani. Bunda yenyewe haina nyumba za kale za kujivunia, nisikudanganye. Ina barabara: Mwanza huku, Musoma kule, na njia ya Kisorya unapopanda kivuko cha Ukerewe. Kwa mfanyabiashara hilo linatosha, na pengine linazidi.

Je, wajua kwamba bati la geji 28 ni zito kuliko la geji 30? Namba ndogo, bati nene. Ukikuta nyumba ya zamani ina bati lililoota kutu rangi ya kahawa lakini ukiligonga linaitika kama kengele, usiharakishe kulitoa. Hofia mbao zilizolishika. Chukua bisibisi, chomeka kwenye kenchi karibu na ukuta, pale mchwa wanapopenda. Ikiingia kama kwenye mkate, shusha bei.

Je, wajua kwamba wakati mbaya wa kukagua nyumba ya kale Musoma ni Julai? Kiangazi kila paa ni zima. Panga kwanza, angalau chumba kimoja, upite nacho masika, Machi mpaka Mei, ndipo uzungumze habari ya kununua. Mimi nilipanga nyumba moja ya zamani karibu na ziwa, dari refu, madirisha ya mbao, kila mgeni akiisifu. Mvua ya kwanza ilipiga saa nane usiku. Kufikia saa tisa nilikuwa nimeshapanga sakafuni sufuria tatu na beseni, na kufikia Aprili nilikuwa nalala nikijua kwa mlio tu ipi imejaa.