Kostiki Soda Ikishapita Kooni

Mafuta yakichanganywa na kostiki soda huwa sabuni. Kina mama wanaopika sabuni nyumbani wanalijua hilo. Lakini mwili wa binadamu nao una mafuta, na mtoto akimeza maji ya kostiki, kazi ileile hufanyika ndani ya umio wake. Mafuta ya seli hugeuka sabuni, protini huyeyuka, na nyama iliyolainika haiwezi kuizuia dawa isizidi kuchimba. Asidi, kama ile ya kusafishia vyoo, huunguza kwa namna nyingine: hugandisha nyama juu juu, kisha hutuama tumboni na kulidhuru vibaya. Jiki ya kawaida ya kufulia ina nguvu ndogo zaidi, na mtoto aliyeonja kidogo mara nyingi hupona bila kovu.

Aliyemeza kostiki anaweza kufa katika saa za mwanzo, koo likivimba hadi kuziba njia ya hewa, au umio na tumbo vikitoboka. Akivuka hapo, hajawa salama bado. Kwa wiki mbili tatu ukuta wa umio huwa dhaifu mno na unaweza kutoboka. Kisha kovu huanza kukaza, na mtoto aliyekuwa anakunywa uji akashindwa hata na maji. Tena mdomo usio na kidonda si ushahidi wa usalama, maana kimiminika hupita haraka na kuunguzia chini. Ndiyo maana madaktari hupenda kuingiza kamera mapema, aghalabu ndani ya siku moja au mbili, waone kidonda kina kina gani.

Kosa linalouma zaidi hufanywa kwa mapenzi. Mzazi humtapisha mtoto, na dawa ikapita kooni mara ya pili. Mwingine humpa ndimu au siki ili "kuizima", au humshindilia maziwa mpaka atapike. Yote hayo yaachwe. Msukutue mdomo kwa maji, mvue nguo zilizolowa, mkimbize hospitali pamoja na chombo chenye dawa.

Nchini Marekani, daktari wa koo Chevalier Jackson alitibu watoto wengi wa namna hii mwanzoni mwa karne ya 20, akiyapanua makoo yaliyozibwa na makovu. Aliona tiba peke yake haitoshi, akapigania sheria, na mwaka 1927 ikapitishwa: kila kopo la kemikali hizo liandikwe sumu, pamoja na maelezo ya huduma ya kwanza.

Kwetu, maandishi hayo hubaki dukani. Kostiki hupimwa kwenye mfuko wa plastiki, dawa ya choo ikamiminwa kwenye chupa ya soda, na mtoto mwenye kiu haoni tofauti. Wewe unayeuza, usipime dawa hizi kwenye chupa za vinywaji. Nawe unayenunua, ziache kwenye chombo chake chenye maandishi, uziweke juu, mahali penye kufuli.