Kuficha Vikosi katika Mchezo wa Vita wa Intaneti

Mwezi Julai 1916 majeshi ya Uingereza yaliiteka Mwanza kutoka kwa Wajerumani, baada ya kukitwaa kisiwa cha Ukerewe mwezi Juni. Katika vita vya ziwani, siri ni silaha: mlinzi wa pwani hajui meli zitashusha askari wapi. Anayeigiza mapigano hayo juu ya ramani ya mezani hana budi kuihifadhi siri hiyo.

Mchezo wa vita wa Reisswitz, uliochapishwa Prussia mwaka 1824, ulikuwa na mwamuzi aliyejua mahali pa vikosi vyote. Lakini wachezaji wawili wa intaneti, mmoja Mwanza na mwingine Kisumu, waweza kukosa mwamuzi. Je, kila mmoja ataaminije kwamba mwenzake hakuhamisha kikosi kwa hila?

Hisabati hutoa njia. Mchezaji huandika mahali pa kikosi, kisha hupitisha maandishi hayo katika kanuni iitwayo SHA-256. Hutoka alama 64, ambazo humpelekea mpinzani mithili ya bahasha iliyotiwa lakiri. Kikosi kinapojitokeza, maandishi hufichuliwa na mpinzani hukokotoa upya. Herufi moja ikibadilika, alama hazitalingana.

Hata hivyo, ramani yenye bandari 20 hupekuliwa kwa urahisi: mpinzani hujaribu majina yote 20 mpaka alama zilingane. Kwa hiyo yapasa maandishi yaongezewe nambari ndefu ya kubahatisha, nayo ifichuliwe pamoja nayo. Kikosi kikihama, bahasha mpya hutumwa. Mchezo ukiisha, zote hufunguliwa.