Mkubwa Anapoitwa Kushuka

Tunazoea kufikiri kwamba anayekataa wito wa Mungu ni mlevi ao mpagani. Kumbe mtu anaweza kukataa akiwa ndani ya kanisa, anasali kila siku, hata anafundisha wengine. Tuangalie mfano wa hapa kwetu Katanga.

Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Alikuwa padri, alikuwa mzungu: vyeo viwili katika mtu mmoja. Ile wakati nani angemjibu? Alifundisha, aliamuru, watu walisema "ndiyo, Padri", halafu walirudi nyumbani na mawazo yao ya zamani. Yeye mwenyewe alieleza kisha kwamba miaka mingi alisimama mbele yao kama mkubwa mwenye kila kitu cha kutoa, bila kitu cha kupokea.

Juu ya nini hakushuka mapema? Juu ukiwa mwalimu siku zote, hakuna anayekuuliza habari ya moyo wako. Ni raha ile.

Mwishoni akaanza kuuliza watu: ninyi mnatafuta nini katika maisha? Akasikia maneno tatu: uzima, uzazi, mapendo. Akashangaa, maana hata yeye alitafuta yaleyale. Kitabu chake juu ya mawazo ya Wabantu kilitoka mwaka 1945, na wakubwa wengine wa kanisa hawakukipenda. Alikwenda Ubelgiji mwaka 1946, akakaa kule mpaka 1949. Aliporudi, kule Ruwe karibu na Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière, kukazaliwa Jamaa. Watu wakamwita Baba Placide.

Hapa njo jambo linatugusa sisi wanaume. Mtu hakuingia Jamaa peke yake. Baba na mama waliingia pamoja, walifundishwa pamoja, walielezana mawazo, hata ndoto. Kwa mwanaume wa kambi haikuwa kitu kidogo. Kule kazini kapita anamupigia makelele mchana kutwa. Nyumbani tu njo anakuwa mkubwa. Sasa Mungu anamwambia: hata kile kiti kidogo ukiache, ukae chini na bibi yako, umwambie unaogopa nini. Kutoa franka kanisani ni nyepesi kupita hiyo! Yule tajiri wa Marko 10 alishika amri zote tangu ujana wake, akaenda na huzuni juu ya kitu kimoja. Kwa baba wengi kitu kile hakiko katika banki.

Jamaa ilipata magumu kisha, matawi mengine yakapotea na maaskofu wakakemea. Hiyo habari ingine. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, akafa Ubelgiji mwaka 1977.

Na ninyi vijana wenye diploma? Katika mitaa yetu kuna mama asiyejua kusoma, lakini anaongoza sala vizuri kabisa. Kijana anaalikwa, anasema hana wakati. Jioni ile ile tunamwona amekaa mbele ya nyumba na viatu vyake vya kung'aa, anangojea watu wamusalimie.