Subira ya Milimita Moja

Somo letu la leo ni Waraka wa Yakobo, mlango wa 5, mstari wa 7 na wa 8, pale anapotajwa mkulima aingojaye mvua ya kwanza na mvua ya mwisho. Ikiwa Biblia yako iko karibu, ifungue uiweke magotini. Tutarudi kwa mkulima huyo baada ya kusema habari za meno.

Ndiyo, meno. Katika makanisa yetu siku hizi, mijini na hata huku kwetu milimani Taita, utawaona vijana wakisimama kuimba na meno yao yamegandishwa vyuma vidogo, na waya mwembamba umepita juu yake kutoka jino hata jino. Watu wazima hukodoa macho. Mtoto akiona anatazamwa hufumba mdomo, na kwaya hupungukiwa sauti moja. Kwa ajili ya mtoto huyo na wazazi wake tumeona yafaa kulieleza jambo hili polepole, kwa maana sisi wenyewe tulipita njia hiyo na binti yetu, wala hatukuipita vizuri. Yeye sasa ni mtu mzima, naye ametupa ruhusa kuyasema haya.

Kwanza tuseme neno juu ya kiburi, kwa sababu tuliambiwa na baadhi ya wakristo wetu ya kwamba Kasisi anasahihisha kazi ya Mungu. Hatukukasirika, hata sisi tulikuwa tumejiuliza. Lakini daktari alitueleza ya kwamba meno yaliyopandana ni kazi ngumu kuyasafisha, na uchafu ukikaa pale huleta kuoza na ugonjwa wa ufizi. Tena meno ya juu yanayotokeza mbele sana huvunjika kwa urahisi mtoto anapoanguka. Ya binti yetu yalikuwa yametokeza hata midomo haikutani bila kulazimishwa. Na wale waliotuuliza swali lile, wawili kati yao walikuwa wamevaa miwani.

Sasa, jino husogeaje? Wengi hudhani jino limepigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Sivyo. Kati ya mzizi wa jino na mfupa wa taya mna utando wa nyuzinyuzi, mwembamba sana, haufiki hata nusu ya milimita. Jino limening'inia humo. Waya unapolisukuma jino upande mmoja, utando hubanwa upande ule na kuvutwa upande wa pili. Hapo mwili wenyewe huingia kazini. Palipobanwa hutokea chembe hai ambazo kazi yao ni kuumomonyoa mfupa, ili jino lipate nafasi ya kupita. Palipovutwa hutokea chembe nyingine zinazojenga mfupa mpya, ili jino lisiache shimo nyuma yake. Basi waya hausogezi jino kwa ubavu. Waya huomba tu. Mfupa ndio unaobomolewa na kujengwa, kidogo kidogo, usiku na mchana, mtoto akiwa darasani au amelala.

Na mwendo wake? Jino likienda milimita moja kwa mwezi, daktari hufurahi. Tazama rula ya mtoto wako wa shule uone milimita moja ni kitu gani. Ndiyo maana matibabu haya huchukua mwaka mmoja na nusu, miwili, na mara nyingine hata mitatu.

Wazee wetu waliyajua maumivu ya meno kwa njia nyingine. Katika desturi za kale za ndugu zetu Wajaluo, kijana aling'olewa meno sita ya chini, naye alitakiwa avumilie. Ulikuwa uchungu mkali, lakini jua lilipotua ulikuwa umekwisha kuwa habari ya kusimuliwa. Ushujaa wa namna hiyo Mwafrika anauelewa na kuusifu. Subira ya vyuma ni ya namna nyingine. Haina siku kubwa wala watazamaji. Ni mtoto peke yake mbele ya kioo na mswaki, saa tatu za usiku, kwa mara ya mia nne, na hakuna linaloonekana limebadilika.

Binti yetu alifungwa vyuma mwaka alioingia Kidato cha Kwanza. Tuliuza ng'ombe mmoja wa maziwa, na wengine mnajua ng'ombe wa maziwa ni nini katika nyumba ya kasisi. Kila baada ya majuma sita tulimwombea ruhusa shuleni, tukashuka naye kwa matatu alfajiri, Mwatate, Voi, mpaka Mombasa. Miezi ya kwanza alikuwa na furaha, maana meno ya mbele yaliyokuwa yamepinda yalianza kujipanga mapema. Kisha ikaja sehemu ngumu: kuyarudisha nyuma meno ya juu. Kwa kazi hiyo daktari alimpa mipira midogo sana, ya kuvutwa kutoka chuma cha juu hata chuma cha chini, naye aivae mchana na usiku, aitoe wakati wa kula na kupiga mswaki tu.

Mwezi wa kumi na moja daktari alipima kwa kipimo chake, akanyamaza. Akapima tena. Meno ya juu hayakuwa yamesogea tangu safari mbili zilizopita. Akauliza, "Mipira unaivaa?" Binti yetu akatazama sakafu.

Hapo sisi wazazi tulifanya makosa mawili. La kwanza, tulimkaripia mbele ya daktari, tukimhesabia nauli, na ng'ombe, na madarasa aliyoyakosa. La pili, tulimwambia daktari, "Basi zikaze hizo nyaya zaidi, tufidie muda uliopotea."

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Alisema, "Kasisi, nikikaza zaidi nitaua kile ninachotaka kijenge." Ndipo alipotufafanulia. Nguvu ikizidi, mishipa midogo ya damu katika ule utando hubanwa ikafunga, na mahali pale hufa. Jino halikimbii, husimama kabisa, likingoja mwili uondoe kwanza kilichokufa. Na mzizi wa jino waweza kulika usirudi tena. Mtaalamu mmoja wa Austria, A. M. Schwarz, aliandika habari hii mwaka 1932, ya kwamba nguvu ifaayo ni ile isiyozidi msukumo wa damu katika mishipa iliyo midogo kuliko yote. Nguvu ndogo isiyokoma hufika upesi kuliko nguvu kubwa. Sisi tuliohubiri miaka mingi hatukuwa tumelijua hilo, wala katika meno wala katika malezi.

Kisha daktari akamgeukia mtoto. "Mwanangu, mipira inakuzuia nini?"

Alianza kulia. Alisema wenzake bwenini wamempa jina la Seng'enge. Alisema akivaa mipira hawezi kufungua kinywa vizuri kwaya ikiimba, na kwaya ndiyo furaha yake ya pekee pale shuleni. Waya ulikuwa umemchubua shavuni. Kwa hiyo aliivaa mipira usiku tu, na jino lililovutwa kidogo usiku lilipata mchana kutwa wa kurudi lilikotoka. Kisha alitugeukia sisi. "Baba, Mama, kila mnaponipigia simu mnaniuliza kama nimevaa mipira. Hamjaniuliza hata siku moja kama naumwa."

Ndugu msikilizaji, mwezi ule tulikuwa tukihubiri juu ya tunda la Roho. Mahubiri ya subira yalikuwa tayari mfukoni mwa koti, kurasa tatu.

Daktari hakusema neno juu yetu. Alifungua kabati akatoa mfano wa plasta, meno ya binti yetu kama yalivyokuwa siku ya kwanza, aliyoyachukua kwa kumwumisha ule unga laini. Akampa kioo mkono mmoja, na mfano ule mkono wa pili. Mtoto akatazama huku na huku. Meno mawili yaliyokuwa yamepandana kama watu mlangoni sasa yalisimama bega kwa bega. Alikuwa amesahau. Sisi pia tulikuwa tumesahau, kwa maana tulimtazama kila likizo tukipima kilichobaki, hatukupima kilichokwisha. Samweli alipolisimamisha lile jiwe alilolipa jina Ebenezeri, vita havikuwa vimekwisha kwa Israeli. Aliweka alama ya mahali walipofikishwa. Tuliomba ule mfano wa plasta twende nao nyumbani, ukakaa juu ya kabati la vyombo.

Sasa turudi kwa yule mkulima wa Yakobo. Mtu akisikia mkulima anangoja, huweza kumwona ameketi kivulini. Sisi wa huku twajua zaidi. Anayengoja mvua ya mwisho anapalilia, anafukuza ngedere, anaamka usiku kusikiliza kama ng'ombe wa jirani wameingia. Lakini kuna jambo moja hafanyi: haushiki mhindi akauvuta juu ili urefuke. Kazi yake ina mpaka. Vivyo hivyo binti yetu. Alichopewa yeye ni mipira na mswaki, mfupa hakupewa. Tulipomlaumu kwa mfupa tulimbebesha mzigo wa Muumba wake, na tulipomwacha peke yake na mipira tulimnyima msaada uliokuwa wetu kuutoa.

Yako mambo madogo yaliyotusaidia baada ya siku ile, nasi twayataja kwa ajili ya nyumba zenye mtoto wa namna hii. Siku mbili tatu baada ya waya kukazwa au kubadilishwa, meno huuma. Wakati huo mpe uji, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu. Maji vuguvugu yenye chumvi hutuliza vidonda vya mdomo, na ile nta anayotoa daktari hubandikwa juu ya chuma kinachochubua. Miwa, mahindi ya kuchoma, njugu na peremende ngumu ziwekwe mbali, kwa kuwa hung'oa vyuma, na kila chuma kinachong'oka ni majuma yanayoongezeka. Miwa ilimuuma kuiacha kuliko waya wenyewe. Tuliacha kuila mbele yake. Mswaki na dawa ya meno yenye floridi baada ya chakula, kuzunguka kila chuma, la sivyo vyuma vikitoka vitaacha madoa meupe juu ya meno yaliyonyooka. Tena tulimwandikia mwalimu wa kwaya, naye akampa ruhusa kutoa mipira kwa muda wa mazoezi na kuivaa tena papo hapo. Lile jina la Seng'enge hatukuweza kuliondoa. Lilimfuata mpaka Kidato cha Tatu.

Na tulibadilisha swali la simu.

Vyuma vilitoka baada ya miaka miwili na miezi saba. Tulimchinjia kuku, akala mahindi ya kuchoma mawili mfululizo, tukadhani mambo yamekwisha. Kumbe bado. Jino lililohamishwa hukumbuka kwao. Nyuzi zilizomo katika ufizi hukaa zimevutika kwa muda mrefu, mwaka na zaidi, zikitaka kulirudisha jino mahali pake pa zamani. Kwa hiyo hutolewa kifaa kingine, cha kuyashikilia meno, cha kuvaliwa kwa muda wote kwanza, kisha usiku tu kwa miaka mingi. Wengi waliovumilia vyuma huanguka hapa, kwa sababu hapana maumivu tena wala mtu wa kuwapima. Tunamfahamu kijana mmoja aliyekiacha kifaa chake ndani ya sanduku kwa likizo moja. Aliporudi kukivaa hakikuingia. Binti yetu huweka chake katika kopo dogo kando ya Biblia, na alipoolewa tuliliona lile kopo likifungwa pamoja na mizigo yake.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyemfanyiza mwanadamu mfupa kwa mfupa, twamweka mbele zako mtoto aliye bwenini usiku huu, ambaye kinywa chake kinamwuma, naye ana aibu kuufungua mdomo. Umpe usingizi. Uwape wenzake ulimi mpole. Ubariki mikono ya madaktari wa meno katika nchi yetu, na uwasaidie wazazi wenye haraka, ambao sisi tu miongoni mwao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.