Mashine ya Mkate na Vituko Vyake Nyumbani

Miongoni mwa vyakula ambavyo Mwenyezi Mungu amewaruzuku waja wake, ni vichache vilivyoenea duniani kama mkate. Watu wa Misri ya kale walikula mkate uliotiwa chachu. Katika Qur'ani Tukufu, Sura ya Yusuf, aya ya 36, twasoma habari za yule mfungwa aliyeota amebeba mkate kichwani na ndege wakiula. Masahaba wa Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) walikula mkate wa shayiri, na Sahl bin Saad (r.a.) ameeleza ya kwamba zama zile hawakuwa na chekecheke: walisaga shayiri, wakapuliza makapi yakaruka, na yaliyobaki wakayarowesha na kuyala. Na sisi watu wa pwani tuna mofa, mkate wa ajemi, mkate wa kumimina na boflo, na kila mmoja una mpishi wake na msifu wake.

Siku hizi ameingia jikoni mgeni mwingine: sanduku lenye kifuniko cha kioo, waya wa umeme, na vifungo vya kubonyeza. Mtu hutia humo maji, unga, chumvi, sukari, mafuta na hamira, akabonyeza kifungo, akaenda zake kusali au kulea watoto. Sanduku likakanda, likaumua, likaoka, na baada ya saa tatu au nne likalia kuwaita wenyewe. Hivyo ndivyo kinavyosema kitabu kinachokuja na mashine. Yanayotokea nyumbani ni kisa kingine, nacho kina kicheko ndani yake, na kina mafunzo pia.

Tuichukue nyumba moja ya mfano, isiyokuwa ya mtu maalumu, ila kila msomaji ataona humo sura ya nyumba anayoijua. Yumo bwana, yumo mkewe, yumo mavyaa wa huyo mke, na wamo watoto. Mashine imeletwa na ndugu anayeishi ng'ambo. Na hapo hapo, kabla unga haujaguswa, msiba wa kwanza huweza kutokea. Umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120, na wa Japani ni volti 100, lakini wetu wa Afrika Mashariki ni volti 230 hadi 240. Mashine ya huko ikichomekwa hapa bila chombo cha kupunguza nguvu ya umeme, huchoma moyo wake mara moja, na harufu inayotoka si ya mkate. Zawadi ya mapenzi ikawa moshi. Basi yampasa mwenye kuleta zawadi asome maandishi yaliyo chini ya mashine kabla hajailipia.

Tuseme mashine ni ya umeme wetu, imewaka salama. Sasa yaja mambo ya vipimo. Kitabu chasema hamira kijiko kidogo cha chai, kimoja na nusu, kwa unga wa gramu 500. Bibi huyu amezoea kupima kwa jicho na kwa kiganja, akasoma neno "kijiko", akachukua kile cha kulia wali. Kijiko hicho ni sawa na vitatu vya chai. Hamira ni kitu hai, nayo ikipata sukari, maji na joto la pwani hufanya kazi kama kibarua aliyelipwa mbele. Donge likapanda, likafika ukingoni, likakisukuma kifuniko, likajibandika katika kioo. Watoto wakaita, "Mama, njoo uone, mkate umevaa kilemba!" Punde kilemba kikaanguka, na ulipotolewa mkate ulikuwa na shimo katikati kama kinu.

Siku ya pili bibi akapima hamira sawasawa, lakini chumvi akaisahau. Wengi hudhani chumvi ni ya ladha tu, kumbe pia huizuia hamira isikimbie, na hulitia donge nguvu ya kushikamana. Donge lisilo chumvi hupanda haraka na kushuka haraka, na mkate wake hauna ladha. Siku ya tatu akatumia hamira iliyokaa wazi kabatini miezi mingi. Hiyo ilikwisha kufa. Mkate ukatoka mfupi, mzito, mgumu, na bwana akasema, "Tungekuwa na tisa kama huu, tungemaliza ukuta wa uani."

Kisha kuna ule ubapa mdogo wa kukandia, unaokaa chini ya chombo. Usipotiwa, mashine huzunguka na kunguruma muda wake wote, lakini haikandi kitu. Mwisho hutoa unga mkavu juu na uji ulioiva chini. Ukitiwa, mara nyingi huganda ndani ya mkate wenyewe na kutoka nao. Bwana akakaa mezani mbele ya wageni, akasema Bismillahi, akatia kisu, kisu kikagonga chuma. Akauliza, "Bibi, tangu lini mkate una mfupa?" Wageni wakacheka hata chai ikamwagika. Dawa yake ni kuutafuta ubapa huo kwa kijiti cha mti, mkate ukisha kupoa kidogo, kabla haujafika mezani; wala usitumie chuma, maana chuma hukwaruza chombo.

Kosa lililo baya kuliko hayo ni kumimina maji na unga katika mashine bila ya kutia kile chombo chake cha ndani. Hapo maji huingia penye waya wa moto. Hili si la kuchekwa: umeme uzimwe kwanza ukutani, na mashine isiwashwe tena mpaka fundi aitazame.

Ama mwezi wa Ramadhani una kituko chake peke yake. Mashine nyingi zina saa ya kutegea, na bibi hutega jioni ili mkate uwe tayari kwa daku, saa kumi za alfajiri. Maana yake ni kwamba mashine huanza kazi baada ya saa sita za usiku, wakati nyumba nzima imelala. Mzee akasikia kishindo jikoni: gudu, gudu, gudu. Akashika bakora, akanyata gizani, akaita kwa sauti kubwa, "Nani huyo?" Akajibiwa, gudu, gudu, gudu. Taa ilipowashwa, mwizi alikuwa ni sanduku jeupe, limetembea kwa mtikisiko wake mpaka ukingoni mwa meza, limebakisha vidole viwili lianguke. Kwa hiyo mashine iwekwe mahali palipo sawa na imara, mbali na ukingo. Na mwenye kutega saa asitie maziwa mabichi wala mayai, kwani vitu hivyo vikikaa saa nyingi katika joto huharibika na kudhuru tumbo la mfungaji. Hamira nayo iwekwe juu ya unga, isiguse maji mpaka wakati wake ufike.

Lakini kituko tunachotaka kukikalia zaidi ni cha umeme kukatika. Siku hiyo wageni wanangojewa kwa futari. Mashine imekwisha kukanda, donge limeanza kuumuka, mara nyumba ikawa kimya. Mashine nyingi, umeme ukikatika zaidi ya dakika chache, husahau zilipofika, na hata ukirudi hazijui pa kuendelea. Mke akakaa chini, machozi yakamlengalenga. Mavyaa, ambaye tangu mashine iingie hakuombwa neno wala kuulizwa shauri, akasimama. Akasema, "Mwanangu, donge halijafa. Nipe sufuria nzito, na umwambie mtoto alete makaa." Akalitoa donge, akalifinyanga kwa viganja, akalipaka siagi, akaliacha kidogo liinuke, kisha akaliweka katika sufuria na kupalia mkaa juu na chini, kama alivyofunzwa na mama yake. Ilipoadhiniwa Magharibi mkate ulikuwa sinia nzima ya harufu njema. Mke akambusu mkono na kusema, "Mama, nifunze na mimi."

Yawezekana mtu akasema: hayo ni ya zamani, mashine imekwisha kutupumzisha. Basi na asikie habari ya mashine yenyewe ilivyopatikana. Mashine ya kwanza ya namna hii kwa matumizi ya nyumbani ilitengenezwa Japani na kampuni ya Matsushita, ya mkoa wa Osaka, ambayo leo huitwa Panasonic. Katika mwaka 1985 wataalamu wake walikuwa wakihangaika: mashine yao ilikanda vibaya, na mkate ukatoka ganda limeungua na ndani mbichi. Walifika hata kupiga picha za eksirei donge lililokandwa na mashine na donge lililokandwa na mwokaji, wasipate jibu. Mwishowe mmoja wao, bibi aitwaye Ikuko Tanaka, akashauri waende kujifunza kwa mwokaji mkuu wa Osaka International Hotel, iliyosifika kwa mkate wake. Akawa mwanafunzi wake, akautazama mkono wake, akagundua kwamba mwokaji yule alikuwa na namna yake ya kulivuta donge ambayo hakuna kitabu kilichoiandika. Baada ya kujaribu na mainjinia kadiri ya mwaka mzima, wakatia mbavu ndogo ndani ya chombo ili zilishike donge na kulivuta kama alivyofanya yule mwokaji. Mwaka 1987 mashine ikatoka madukani.

Basi tazama, ndugu msomaji. Mainjinia wa Japani, pamoja na elimu yao na vyombo vyao, walihitaji kukaa mbele ya mtu anayejua na kuutazama mkono wake. Je, itakuwaje sisi tulio na waalimu kama hao chini ya paa moja, mama zetu na bibi zetu, tuwaache wakae ukumbini kama mizigo kwa kuwa tumenunua sanduku? Mashine ikiharibika hupelekwa kwa fundi. Mkono wa mzee ukiondoka haurudi, na elimu iliyomo huzikwa nao.

Huenda baadhi ya mabibi wakauliza habari ya hamira, kwamba hutoa kileo. Ni kweli kwamba hamira ikila sukari hutoa hewa inayoumua donge, na pamoja nayo kileo kidogo sana. Lakini sehemu yake kubwa huondoka kwa moto wa kuokea, na mkate haumlevyi aulaye hata akila kiasi gani. Waislamu wamekula mkate wa chachu karne kwa karne bila ya kuuhesabu kuwa ni kileo. La kuangaliwa zaidi ni vitu vinavyotiwa katika mikate ya viwandani. Kuna vilainisho vya unga na mafuta yake vinavyoweza kutokana na mimea au na wanyama, na kuna kimoja kiitwacho sisteini, chenye namba E920, kinachoweza kutolewa katika manyoya ya ndege au nywele za nguruwe, ingawa kipo pia kisichotokana na mnyama. Mwenye kuoka nyumbani ajua alichokitia, na hiyo ni faida kubwa ya mashine hii, inayostahili kusifiwa.

Ama yule bwana mwenye maneno ya ukuta na mfupa, naye ana fungu lake katika makala hii. Mzaha ni halali, na nyumba isiyocheka ni nzito. Lakini imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia chakula aibu: akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Mke aliyesimama jikoni saa nne akidunda na sanduku geni huchoka kwa neno moja kuliko kwa kazi yote. Bwana akicheka, na acheke pamoja naye, si juu yake, tena avue saa yake, ashike unga, kwani Mtume wetu alikuwa akiihudumia nyumba yake, kama alivyosimulia Bibi Aisha (r.a.).

Wala mkate ulioharibika usitupwe. Israfu imekatazwa katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, na tumefundishwa kuliokota hata tonge lililoanguka, likasafishwa na kuliwa. Mkate ulioanguka katikati hukatwa ukakaushwa, ukawa wa kuchovya katika chai. Mgumu hulowekwa katika maziwa na mayai, ukatiwa sukari na iliki, ukaokwa tena. Ule wa kilemba, watoto hawataubakisha.

Kwa ufupi, mwenye mashine ashike haya. Apime kwa mizani, si kwa jicho. Unga gramu 500, na maji kadiri ya mililita 320. Katika joto letu atumie maji baridi. Baada ya dakika 10 za kukanda afunue atazame: donge liwe laini na la mviringo, likiwa maji aongeze kijiko cha unga, likiwa kavu aongeze kijiko cha maji. Hamira aifunge vizuri na kuiweka mahali pa baridi. Na siku moja katika juma aizime mashine, amkalishe mzee wa nyumba kitini, awaite mabinti na wavulana, wajifunze kukanda kwa mikono yao.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, azijaalie nyumba zetu furaha na mapenzi, na awape wazee wetu umri wenye afya ili watufunze. Amin.