Ngazi ya nyumbani: fedha ziko kwenye reli, raha iko kwenye vipimo

Goba, Madale na Kigamboni jijini Dar es Salaam zinaelekea kulekule ziliko Ruiru na Kitengela pembezoni mwa Nairobi: familia zinazojenga makazi yao zinapanda juu. Viwanja vimepungua ukubwa, bei yake imepanda, na mwenye eneo la kutosha nyumba ya vyumba vitatu anayetaka vitano hana pa kwenda ila ghorofani. Kila nyumba ya aina hiyo inahitaji ngazi, na kila ngazi inalisha mafundi wengi. Yupo anayefunga mbao na kusimamisha mirunda, anayesuka nondo, anayemwaga zege, anayebandika vigae au marumaru, na mchomeleaji anayemalizia kwa reli. Seremala naye huitwa ikiwa mwenye nyumba anataka kishikio cha mninga au mtiki.

Tatizo la biashara hii ni mahali fedha zinapokwenda. Mteja hujadiliana bei ya reli kwa mita, hulinganisha rangi za marumaru duka moja hadi jingine, na huhifadhi kwenye simu picha za ngazi za kuelea zilizojengwa nchi za mbali. Vipimo vya ngazi yenyewe, yaani kila kidato kiwe na kimo gani na mguu upate nafasi gani ya kukanyaga, mara nyingi huamuliwa na fundi siku ya kufunga mbao, kwa kugawa nafasi iliyobaki. Reli inaweza kung'olewa baada ya miaka mitano ikawekwa nyingine. Zege halina nafasi hiyo ya pili.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. François Blondel, msanifu Mfaransa wa karne ya 17, aliitoa kutoka kwenye hatua ya binadamu: kimo cha kidato mara mbili, ukijumlisha na upana wa kukanyagia, kikaribiane na urefu wa hatua moja. Wasanifu wa leo hutumia jumla ya kati ya sentimita 60 na 64 hivi. Tuchukue nyumba ambayo kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni mita 3.15. Ukiigawa kwa vidato 18, kila kimoja kinapanda sentimita 17.5. Ukikipa nafasi ya kukanyaga ya sentimita 28, jumla ya Blondel inatoka 63. Mtoto anapanda, mjamzito anapanda, mzee anapanda.

Sasa fundi anaambiwa abane nafasi. Anapunguza vidato hadi 15, kila kimoja kinapanda sentimita 21, na nafasi ya mguu inashuka hadi 25. Jumla inafika 67. Kijana hatagundua lolote. Magoti ya mama yake yatagundua siku ya kwanza. Faida iliyopatikana ni ipi? Kwa ngazi inayogeuka katikati, yenye upana wa mita moja kila upande, ngazi mbaya inaokoa kama mita moja ya mraba ya sakafu. Zege linalopungua halifiki hata moja ya tano ya mita ya ujazo, sawa na mfuko mmoja au miwili ya saruji katika kazi inayomeza mifuko kumi na zaidi. Hakuna mahali pengine katika nyumba ambapo akiba ndogo kiasi hiki inalipwa kwa usumbufu wa miaka mingi kiasi hiki, na inasikitisha kuona familia zikiingia katika biashara hiyo bila kuulizwa.

Lipo kosa jingine ambalo halionekani kwenye mchoro. Vidato hupimwa vyote sawa juu ya zege tupu, kisha sakafu ya chini inaongezewa lipu na vigae vinavyofika sentimita 5, huku vidato vyenyewe vikiongezewa 3 tu. Kidato cha kwanza kinakuwa kifupi kuliko wenzake, na cha mwisho juu kinaweza kuwa kirefu. Mguu wa mwanadamu huzoea mwendo wa ngazi baada ya hatua mbili tatu na kuacha kuangalia. Hapo ndipo tofauti ya kimo inapoangusha. Kanuni za nyumba za makazi zinazotumika Marekani haziruhusu kidato kirefu kabisa kukizidi kifupi kabisa kwa zaidi ya milimita 9.5. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuanguka kunaua watu 684,000 kwa mwaka duniani, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Si wote walioanguka kwenye ngazi, lakini ngazi ni sehemu ya nyumba ambayo hatari hiyo inaweza kupunguzwa kwa futi kamba na penseli.

Hapa ndipo familia inapaswa kuingia katika ubunifu. Sensa ya 2022 ilionyesha kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3, ila nyumba ya ghorofa haijengwi kwa wastani. Hujengwa kwa bibi atakayekuja kutibiwa mjini akakaa miezi, kwa wapwa wanaosoma, kwa wageni wa harusi na wa msiba. Msanifu makini huanza na maswali ya kawaida kabisa. Nani atalala chini? Nani atabeba ndoo au mtoto akipanda? Kitanda cha futi sita kitapitaje kwenye kona? Mgonjwa akishushwa akiwa amelala, au jeneza, patatosha kugeuka?

Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoipa ngazi sura yake, tena sura isiyofanana na ya jirani. Nyumba yenye watoto wadogo inapata kishikio cha pili, kama sentimita 60 kutoka kwenye kidato, chini ya kile cha wakubwa. Nyumba ya mzee inapata kibaraza kipana katikati ya ngazi, chenye benchi la kujengea na dirisha la mwanga, ili kupumzika njiani kusiwe aibu. Nyumba yenye kiwanja finyu inafanya uvungu wa ngazi kuwa stoo, choo cha wageni au meza ya kusomea, mradi mahali pa kusimama pabaki na mita 2 za kichwa.

Ukanda wa pwani una somo lake la zamani. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulijengwa kwa kuta nene za mawe na dari za boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba: mita mbili na nusu hadi tatu, si zaidi sana. Ndani ya vipimo hivyo ngazi ilibanwa kati ya kuta mbili, ikawa kali na yenye giza. Hata hivyo mahali pake palifikiriwa. Katika nyumba nyingi za mawe za pwani ngazi iliwekwa karibu na mlango, ili anayepelekwa juu asipite kwenye faragha ya wenyeji. Familia nyingi za leo zimeiga michoro ambayo ngazi inachomoza katikati ya sebule, na kila mtoto anayetoka kuoga ghorofani anaonekana na wageni waliokaa kwenye makochi. Kwa nyumba ya Kiswahili, au ya familia yoyote inayothamini stara, huo si ubunifu mzuri hata picha yake ikipendeza.

Mahali pa ngazi ni suala la mapato pia. Ikianzia nje, au kwenye varanda yenye milango miwili, ghorofa inaweza kupangishwa watoto wakishahama, au mwenye nyumba akahamia juu na kupangisha chini. Ikianzia jikoni, mlango huo wa kipato umefungwa. Wengi hujenga kidogo kidogo, chini kwanza na juu fedha zikipatikana. Hao wanahitaji tundu la ngazi liachwe kwenye slabu tangu mwanzo, likizungushiwa nondo zake na kuzibwa kwa muda. Asiyeacha tundu atavunja slabu, au atalazimika kuwa na ngazi ya chuma nje akitaka asitake.

Kwenye malighafi, ushindani ni mkali. Terazo iliyotawala majengo ya zamani bado inadumu kuliko vigae vingi, lakini mafundi wake wanapungua. Vigae vinavyong'aa huuzika sana na ndivyo vibaya zaidi kwa miguu yenye maji. Katika chuma, bomba za stenles zimesukuma pembeni grili za kufua, na mnunuzi wa pwani anapaswa kujua daraja analouziwa: 304 hutoa madoa ya kutu kwenye hewa ya chumvi, 316 huvumilia kwa sababu ina molibdeni. Kwa macho zinafanana. Nafasi kati ya nondo za reli zisizidi sentimita 10, kiasi ambacho kichwa cha mtoto hakipiti, na nondo zilizolala ni mwaliko wa kupanda. Mbao ngumu bado zina soko lake. Mtiki wa mashamba ya Longuza, Muheza, na Mtibwa, Morogoro, huuzwa kwa minada na Wakala wa Huduma za Misitu, na Keko jijini Dar es Salaam wapo maseremala wanaoweza kuchonga kishikio kinachofuata kona bila kiungo cha kuumiza kiganja.

Kanuni zipo. Tanzania ina bodi ya AQRB inayosajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Kenya ilichapisha kanuni mpya za taifa za ujenzi mwaka 2024. Ila michoro mingi hununuliwa ikiwa tayari kupitia simu, ya kiwanja kisichojulikana na familia isiyojulikana. Saa mbili za msanifu akichora upya ngazi peke yake zingeokoa mengi, na huduma hiyo ndogo, inayouzwa kando na mchoro mzima, ni nafasi ya biashara ambayo wataalamu vijana hawajaichangamkia vya kutosha.

Wachache wameanza kufikiria mbele zaidi. Huacha makabati mawili, la chini na la juu, yakiwa yamesimama sawasawa, kila moja na upana na kina cha kama mita moja na nusu, na slabu kati yake ikiwa imeachiwa kiungo kinachotolewa. Leo yanatunza mashuka na mabegi. Magoti ya wenye nyumba yakichoka, hapo ndipo lifti ndogo ya nyumbani itakapopita, bila kugusa ukuta wala ngazi.